Kidomo cha Tarumbeta la Koplo

Mwezi uliopita mjukuu wa Koplo alikuja kwangu na kifurushi cha kitambaa cheusi, kidogo hivi, kinaenea kwenye kiganja. "Bibi," akasema, "babu kabla hajafariki aliacha neno. Hiki apewe Skola." Sikukifungua. Harufu ilikuwa imekwisha kunifikia: majivu na limau. Shaba ikisuguliwa kwa majivu na limau miaka mingi haiachi tena ile harufu, na pua yangu, japo imezeeka, kwa hilo haijazeeka hata kidogo. Nikakaa juu ya gunia la maharage. Mwanamke mzima, mwenye wajukuu, natetemeka! Yule binti akadhani ni majonzi ya msiba, akaanza kunipa pole. Nikazipokea. Lakini haki ya Mungu hayakuwa majonzi. Ilikuwa hofu, ileile ya nilipokuwa na miaka minane.

Nyinyi wa rika langu mliokulia Ufipa mtanielewa nikisema kwamba sisi tulilelewa na hofu. Tulitishwa kwa radi, tukatishwa kwa wachawi, tukatishwa kwa karani wa kodi. Zaidi ya yote tulitishwa kwa mumiani, yule mtu anayekamata watu na kuwanyonya damu ikauzwe kwa Wazungu wafanyie dawa. Kila kijiji kilikuwa na wake. Wa kijiji chetu alikuwa Koplo Telesfori.

Kijiji chetu kilikuwa upande wa njia ya Mwimbi, mwendo wa saa nne kwa miguu kutoka Sumbawanga mjini, saa tano ukiwa na mzigo. Koplo alizaliwa hapo hapo, lakini alipelekwa vitani Burma akiwa kijana, akarudi na mguu unaochechemea, na tarumbeta, na mdomo uliopasuliwa na kipande cha chuma. Walimshona hukohuko. Ule ushono ulivuta mdomo wa juu ukapanda upande mmoja, meno mawili yakabaki nje muda wote, hata akiwa kanisani anasali. Sisi watoto tulisema anacheka. Anacheka nini sasa, mtu anapiga magoti mbele ya altare anacheka?

Mwenye majibu yote alikuwa Felista, binti wa jirani, aliyenizidi miaka miwili na maneno elfu. "Skola," aliniuliza siku moja tukichota maji, "umewahi kumsikia Koplo akipiga tarumbeta lake?"

"Sijawahi."

"Mimi pia. Mtu ana tarumbeta, halipigi. La nini basi?"

Leo mtoto yeyote angejua kwamba mdomo ule haukuweza tena kukaza wala kushika pumzi, na kwamba mtu yule, aliyekuwa mpiga tarumbeta wa kikosi kizima, hakuweza kutoa hata mlio mmoja. Kwa hiyo aliwafundisha wengine wapige kwa midomo yao. Alifundisha kwa kuguna na kwa kugonga debe kwa fimbo, kila Jumamosi jioni, pale uwanjani karibu na chemchemi ambayo alikuwa ameizungushia mawe kwa mikono yake mwenyewe ili tusinywe maji pamoja na ng'ombe. Hakumtoza mtu hata senti. Vijana sita walipokezana tarumbeta lile moja, na kila aliyemaliza zamu yake aliondoka na duara jekundu kuzunguka midomo.

"Umeona?" Felista alininong'oneza. "Hapo ndipo linapofyonzea."

Nikaona kweli. Yaani niliona kwa macho yangu, nani angenibishia?

Halafu ilikuwapo machela. Koplo alisema jeshini mpiga bendi ndiye mbeba machela. "Risasi zikianza, tarumbeta chini, machela juu," alizoea kusema. "Kwangu hakuna atakayejifunza hiki akaacha kile." Basi baada ya muziki alileta machela yake, miti miwili na blanketi la jeshi lililoshonwa katikati, akaweka juu yake chungu kilichojaa maji mpaka shingoni. Wanne walikibeba kuzunguka uwanja huku wanaimba, wa mbele wakianza na wa nyuma wakijibu. Wa mbele wakitanguliza mguu wa kushoto, wa nyuma walitanguliza wa kulia, hivyo machela haikuyumba. Tone likidondoka, walirudia mwanzo. "Juu ya hicho chungu yupo mama yako," alifoka, meno nje. "Umemwaga mama yako! Rudia!"

Sasa fikiria mtoto anayesikia hayo akiwa amejificha nyuma ya majani. Mimi nilisikia kwamba anawafundisha kumbeba mama wa mtu.

Mtu akizidiwa kijijini, mmoja wa vijana alipanda kwenye kichuguu kilicho nyuma ya nyumba ya Koplo akapiga wito: milio mitatu mifupi, halafu mmoja mrefu unaopanda. Kwetu uwandani hakuna msitu wa kuzuia sauti. Nyasi tu na upepo, kilima baada ya kilima. Wabebaji walisikia wakiwa mashambani ng'ambo ya bonde, wakatupa majembe wakaja mbio. Mgonjwa alifunikwa blanketi, akainuliwa, wakaondoka wakiimba, na sauti ikapungua, ikapungua, mpaka ikapotelea njia ya mjini.

Wa kwanza niliyemwona akibebwa ni babu mmoja mpole, fundi wa mikeka, aliyezoea kunipa karanga. Hakurudi. Baadaye akabebwa mama mmoja aliyeumwa tumbo. Huyo alirudi, amekonda, mkono umefungwa bandeji, na kitu cha kwanza alichosimulia chemchemini ni kwamba walimchoma sindano wakamtoa damu, "damu nyingi, jamani, chupa nzima!" Felista akanibana ubavu kwa kiwiko.

Kuanzia hapo nikisikia ile milio mitatu nilijificha nyuma ya kihenge cha ulezi nikaziba masikio. Kichwani mwangu mambo yalikuwa wazi kabisa: watu hawapigiwi tarumbeta kwa sababu wanakufa. Wanakufa kwa sababu wamepigiwa tarumbeta.

Mwaka huo mama alikuwa mjamzito. Mvua zilikuwa zimekaribia, na miguu yake ilivimba mpaka viatu vyake vya kanisani nikavivaa mimi kwa kucheza. Jioni moja Koplo alipita nyumbani. Baba akamkaribisha kigoda, wakasalimiana vizuri, maana siku hizo walikuwa marafiki. Koplo akaitazama miguu ya mama kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa mlangoni nimeshika nguzo.

"Huyu asizalie hapa," akasema. "Mpeleke mjini mapema, akae karibu na hospitali."

"Mama yangu amezalisha kijiji kizima," baba akajibu. "Na shamba nimwachie nani? Ngoja tusawazishe matuta, tusie ulezi, halafu tutaona."

"Haya," Koplo akasema, anainuka. "Lakini siku ikifika, msinifiche. Nitampigia tarumbeta."

Nitampigia tarumbeta! Alisema hivyo mbele ya baba yangu, na baba akaitikia kwa kichwa, na mama akacheka, akasema ahsante. Usiku ule sikulala. Nilimshika mama nguo mpaka asubuhi, akaniuliza kama naumwa, nikasema hapana. Ningesemaje? Wakubwa wote walikuwa wamekubali.

Siku mbili baadaye mama akanituma nimpelekee Koplo unga wa ulezi, shukrani kwa kuja kumtazama. Nilienda nikivuta miguu. Nikapiga hodi, kimya. Alikuwa chemchemini anazibua matope. Mlango ulikuwa wazi, tarumbeta limening'inia ukutani, na juu ya kigoda palikuwa na bakuli lenye majivu na maji ya limau, yale malimau wanayopandisha wachuuzi kutoka bonde la Rukwa. Ndani ya bakuli kilikuwamo kidomo cha tarumbeta, kile kipande cha mwisho cha kuwekea midomo. Kimelowekwa king'are.

Niliweka unga chini. Nikatia mkono kwenye bakuli, nikakitoa, nikakimbia. Kilikuwa cha baridi, na majivu yake yalinikwaruza kiganjani. Sikumbuki kupumua mpaka nilipofika shambani kwetu. Wafipa mnajua matuta yetu: makubwa, ya mviringo, nyasi zimezikwa ndani zioze, yamepangana shamba zima na kila moja ni pacha wa mwenzake. Nilichagua la tatu kutoka kwenye kichuguu cha shambani kwetu, nikachimba kwa mkono mpaka kwenye kwapa, nikakizika. Nikaweka jiwe jeupe juu. Nikanawa mikono kijitoni, lakini harufu ya limau haikutoka. Nilikula chakula cha jioni mikono nimeikalia, nalishwa na bibi, wakanicheka kwamba nimekuwa mtoto mchanga.

Koplo alikitafuta. Alipita nyumba hadi nyumba anauliza, na kwetu akafika. "Shikamoo," nikasema, macho chini. "Marahaba, Skola. Hujaona kidomo changu? Cha shaba, hivi." Nikasema sijaona. Akaondoka. Nilifurahi, msinihukumu. Nilijiona nimemwokoa mama yangu na kijiji kizima.

Kesho yake baba aliita watu wa kusawazisha matuta. Mimi sikuwa na habari! Bibi alikuwa amepika pombe wiki nzima, na mimi kichwa changu kilijaa tarumbeta, sikujiuliza pombe ya nini. Niliporudi kutoka kuchota maji, shamba lote lilikuwa bapa. Wanaume na wanawake kama ishirini, majembe yanapanda na kushuka, nyimbo, vumbi. Koplo naye alikuwamo, anachechemea na jembe lake, akapewa kata ya togwa kwa sababu pombe hakunywa asilani tangu atoke vitani. Jiwe langu jeupe nililiona limetupwa pembeni pamoja na mawe mengine. Nilitafuta kichuguu, nikahesabu hatua, lakini tuta la tatu halikuwapo tena, wala la nne, wala la mia.

Uchungu ukamshika mama asubuhi iliyofuata, kabla umande haujakauka.

Bibi alijifungia naye ndani. Jua lilipopanda kidogo akatoka, mikono mitupu, uso wake siujui. "Mtoto amelala kwa upande," akamwambia baba. "Hapa mimi sina uwezo. Mwite Koplo."

Koplo alikuja mbio na tarumbeta na kijana mmoja wa bendi, Gaudensi, ambaye ndiye pekee aliyekuwa karibu. Wengine walikuwa wametawanyika kusawazisha mashamba ya watu, ng'ambo huko, mmoja kilima hiki na mwingine kile. Gaudensi akapanda kichuguu cha shambani kwetu, akaweka midomo kwenye tundu tupu la tarumbeta, akapuliza. Ukatoka upepo. Akapuliza tena mashavu yanataka kupasuka. Ukatoka upepo na mate. Kutoka ndani mama alipiga ukelele ambao sijausikia tena maishani, na siombi kuusikia.

"Kimbieni," Koplo akawaambia baba na Gaudensi. "Tutawafuata wabebaji kwa miguu. Mzee, wewe shika njia ya bondeni. Gaudensi, juu. Mimi huku."

Ndipo nikaelewa. Sijui nisemeje. Ukelele ule ulikuwa wa mama, na hakuna tarumbeta lililokuwa limelia. Anakufa, na hakupigiwa! Kila kitu nilichokuwa nakijua kilivunjika kichwani mwangu wakati mmoja, nikakimbilia shambani nikaanza kufukua. Nilifukua kwa kucha. Nilikuwa nalia bila sauti, udongo mdomoni.

Koplo ndiye aliyenikuta, anarudi kutoka upande wake na mbebaji mmoja nyuma.

"Tangulia," akamwambia yule mbebaji. Akachuchumaa mbele yangu. Meno yale mawili yalikuwa karibu na uso wangu kuliko siku yoyote.

"Shikamoo, Koplo," nikasema. Ndiyo, nilimwamkia. Ndivyo tulivyolelewa.

"Marahaba. Unatafuta nini?"

"Kidomo."

Akatazama kucha zangu, zimejaa udongo. "Ulikizika?"

"Ndiyo."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Ili usimpigie mama."

Nilifumba macho, nikangoja aninyonye. Nilijua nimestahili. Lakini nilisikia tu goti lake bovu likilia anapoinuka, na hatua zake zinakwenda mbio kuelekea nyumbani, moja nzito, moja nyepesi.

Wabebaji walitimia wanne jua likiwa utosini. Mama alipita mbele yangu amefunikwa blanketi, wanaimba, wa mbele na wa nyuma, na hakuna kilichoyumba. Baba alikimbia pembeni ameshika kiatu kimoja, sijui kwa nini. Bibi akanishika nisiwafuate. Nilirudi shambani nikafukua mpaka giza likaniziba macho, na kesho yake, na kesho kutwa.

Siku ya tatu asubuhi vidole vyangu vikagusa shaba. Sikwenda nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwa Koplo, nikamwekea mkononi. Alikuwa anakifuta udongo kwa kanzu yake baba alipoingia bila hodi.

Baba alikuwa na vumbi la njia mpaka kwenye kope. "Mke wangu yu hai," akasema. "Mtoto tumemzika mjini. Wa kiume. Wameniambia tungewahi asubuhi, angekuwa analia sasa hivi." Halafu akaona kile kitu mkononi mwa Koplo. "Kumbe kipo! Kilikuwa wapi?"

Mimi nilikuwa karibu na mafiga, nimegandamana na ukuta. Koplo hakunitazama hata kidogo. Alisimama wima, mikono ubavuni, kama wasimamavyo askari mbele ya mkubwa wao.

"Kilikuwa shambani kwako," akasema. "Nilikidondosha siku ya matuta."

"Nani alikidondosha?"

"Mimi."

Baba alimtazama. "Ulikuja kwangu ukanywa pombe yangu, ukalewa, ukapoteza uhai wa mwanangu shambani mwangu mwenyewe."

"Ndiyo," akasema Koplo, mtu aliyekunywa togwa.

Nilifungua mdomo. Nakumbuka vizuri, niliufungua kabisa, na ulimi ulikuwamo, lakini sauti haikuja. Baba akatema mate miguuni pa Koplo, akatoka. Nje vijana wawili wa bendi walisikia yote. Kufikia jioni jina jipya lilikuwa limezaliwa, Koplo Mlevi, na lilimkaa.

Tulipobaki wawili nilianza kulia. Akanipa kikopo cha maji.

"Baba yako akikuchukia wewe, mtachukiana mkila chungu kimoja," akasema. "Mimi akinichukia, nina nyumba yangu." Akangoja nimeze. "Machela haibebwi na mtu mmoja, Skola. Huyu mtoto aliyekufa tumembeba wewe na mimi. Kaa nyuma kwanza, mimi nipo mbele. Ukikomaa utajua mwenyewe pa kushusha."

Mama alirudi baada ya wiki mbili juu ya machela ileile. Usiku alipolala nilimfunua mikono nikatafuta pale walipomnyonya. Nikaona alama ndogo ya sindano, na bibi akanieleza kwamba hapo hawakutoa damu. Walitia.

Watu walimtoa Koplo maanani. Wazazi wengine wakawaondoa vijana wao, kanisani wakaacha kumwita kufundisha nyimbo za Krismasi, na akipita watoto walipepesuka nyuma yake kwa dhihaka, Felista akiwa mbele yao. Yeye aliendelea kuzibua chemchemi. Jumamosi aligonga debe lake hata wakiwa wawili. Na mimi nilikuwa mmoja wa hao wawili, kwa amri ya mama. Baba alikataa katakata, akasema binti yake hatafundishwa na mlevi, tena tarumbeta, kitu cha wanaume. Mama hakuwa mtu wa kupandisha sauti, lakini siku hiyo aliipandisha: "Mimi nimelala juu ya mikono ya wale watu saa tano, sikutikiswa. Mlevi habebi hivyo! Atakwenda." Nikaenda. Nilijifunza ule wito, nikapata duara jekundu langu mwenyewe, na kila nilipokipuliza kile kidomo nilisikia udongo kwenye meno.

Mnadhani nilisema? Wapi! Mwaka ukapita, na mwingine. Kila nilipomwona baba anavuka njia ili asikutane na Koplo, nilijiambia kesho. Hofu ikizoeleka huwa na adabu, inakaa kimya pembeni ya jiko kama paka. Nilikuwa na miaka kumi na minne nikiwa bado nasema kesho.

Kipupwe cha mwaka huo kilikuwa kikali, ukungu mpaka saa nne asubuhi. Baba alianza na kikohozi, halafu homa, halafu akatema damu kwenye kitambaa akakificha chini ya mto. Mama alipokiona hakuniuliza. Alinitazama tu. Nikakimbia kwa Koplo, nikachukua tarumbeta ukutani, nikapanda kichuguu, nikampigia baba yangu: mitatu mifupi, mmoja mrefu unaopanda.

Walikuja wanne. Mmoja wao alikuwa Koplo mwenyewe, maana wabebaji walikuwa wamepungua, na alishika mbele.

"Sibebwi na mlevi," baba akasema kwa sauti iliyobaki.

"Mgonjwa hana neno," Koplo akajibu, akainua.

Nilitembea karibu na kichwa cha baba. Ukungu ulitumeza, nikawa naona mgongo wa Koplo na ile hatua yake, nzito na nyepesi, ambayo wa nyuma waliizoea wakaifanyia mahali katika wimbo. Baba alipumua kama mtu anayesugua sufuria kwa mchanga. Kuna wakati pumzi ilikatika, nikasimama, halafu ikarudi. Nikawaza: atakufa humu njiani na lile tusi mdomoni, na mimi nitabaki nalo. Nikawaza pia: nikisema, atakufa akinichukia. Niliwaza hivyo mpaka tukapanda kilima cha mwisho, pale ukungu unapoanza kupungua na moshi wa mjini unaonekana.

"Baba," nikasema. "Kidomo nilikiiba mimi."

Hakufungua macho.

"Nilikizika kwenye tuta. Nilidhani tarumbeta ndilo linaloua. Koplo hakunywa, alinisitiri. Baba, ni mimi."

Wabebaji walikuwa wanasikia. Wimbo ulikatika kidogo, halafu Koplo akaushika tena peke yake, anaguna tu, kama afanyavyo. Hakugeuka. Mbebaji wa mbele hageuki.

Baba alifungua macho akanitazama. Halafu akasema, "Nishusheni."

"Mgonjwa hashushwi njiani," Koplo akasema.

"Telesfori. Nishushe, nichuchumae."

"Hashushwi."

Kwetu mtu anayeomba radhi huchuchumaa, akakunja viganja, akapiga makofi taratibu mbele ya aliyemkosea. Baba hakuweza kuchuchumaa. Alitoa mikono chini ya blanketi, imekonda, akaikunja, akaanza kupiga hivyo hivyo amelala, akitazama mbingu. Po. Po. Po. Kofi laini, lenye pumzi ndani yake. Yule aliyekuwa anapigiwa alimpa mgongo, hakuyaona. Aliyasikia.

Na Koplo, aliyetufundisha kwamba mbeba machela habadilishi hatua hata risasi zikinyesha, mimi nilimwona kwa macho yangu akikosea hatua. Wa nyuma wakajikwaa. Kingekuwapo chungu pale juu, maji yote yangemwagika.